Mashine Iliyomsemesha Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa chini ya kaunta, kanga kichwani, vidole masikioni, na sauti ya mkwe wangu imejaa duka zima. Leo natoka pale chini. Ningejua yaliyokuwa yananingoja, ningebaki hukohuko.

Kwa yule aliyefungia samaki gazeti la wiki jana, nakumbusha haraka. Mimi ni Tupokigwe, mke wa Oscar, mwenye duka la redio, saa na betri hapa Kyela mjini. Tangu nchi ifungue milango na kila kitu kiruhusiwe kuingia, mume wangu hajatulia. Mara kavuka mpaka pale Kasumulu kwenda Karonga, Malawi, mara yuko Dar, na kila akirudi ana kitu chenye vitufe.

Alileta saa inayolia yenyewe. Ililia kanisani katikati ya ibada ya mazishi, wala hakuna aliyejua inanyamazishwaje, ikabidi niikalie.

Akaleta sufuria ya umeme ya kupikia wali. Sufuria inajizima yenyewe ikiamua kwamba wali umeiva. Nani kaiambia? Mchele wa Kyela unapikwa kwa pua, ukinukia umeiva, na sufuria haina pua. Siku hiyo mama mkwe wangu alitafuna mchele mbichi mezani kwangu, akaaga mapema.

Kisha ndiyo akaleta hii mashine ya kupokea simu. Inakaa chini ya simu ya mezani. Simu ikilia bila kupokelewa, mashine inapokea, inaongea na mpigaji kwa sauti iliyorekodiwa, inalia tiii, halafu inamrekodi na yeye, huku inayatangaza maneno yake kwa spika mpaka barabarani. Oscar alitaka sauti ya kike.

"Sauti yako ni ya redioni, mke wangu," aliniambia.

Nami nikavimba kichwa, nikarekodi: "Habari za saa hizi. Hapa ni dukani kwa Oscar. Hatupo karibu. Sema shida yako sasa, tunakusikiliza."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mashine hii imekuja kubishana na wahenga.

Sasa wasomaji wa mbali mnaniuliza, mkwe kupiga simu kuna ubaya gani? Ngoja niwaambie. Kwetu Unyakyusani mkamwana hamsemeshi baba wa mume wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Naye akijua niko mlangoni, mlango huo hapiti. Tumeishi hivyo miaka yote ya ndoa yangu, na kwa namna hiyohiyo tunapendana. Wapo vijana wa mjini wanaoanza kuacha. Mkwe wangu wa Ndandalo hajaacha, wala mimi sijaacha. Jina lake hata humu gazetini silitaji. Mhariri ameomba, amebembeleza, nimekataa.

Ndiyo maana nasema, aliyeitengeneza mashine ile hakuwa na mkwe. Au alikuwa naye, ila hawakuheshimiana.

Haya. Nikatoka chini ya kaunta.

Dukani alikuwamo mteja mmoja tu, Wilson, wakala wa sabuni kutoka Iringa, mtu mzima mwenye kitambi. Alikuwa ameduwaa na boksi lake mkononi.

"Mama, umeumwa na kitu?"

"Amemaliza?"

"Nani?"

"Huyo aliyekuwa anaongea."

"Amemaliza zamani. Sasa mbona umejificha? Ni mtu wa kodi?"

"Amesema nini?"

"Kilugha, mama. Mimi Mhehe. Nilisikia Oscar, nilisikia Mbeya, mengine yote yakanipita."

"Alikuwa na hasira?"

Wilson akaweka boksi chini, akafikiri. "Hapana. Aliongea taratibu. Mwishoni alikuwa kama anauliza kitu. Akauliza, akanyamaza, akasubiri. Akauliza tena, akasubiri tena. Ndipo akakata."

Mkwe wangu alikuwa Mbeya hospitali. Ugonjwa wa sukari ulianza na kidole kimoja cha mguu, tukadhani ni kidonda cha jembe, na tulipozinduka mguu ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Eliya, mdogo wake Oscar, ndiye aliyempeleka. Oscar mwenyewe alikuwa Karonga huko, hana habari wala hana simu. Na mzee yule hajawahi kushika simu maishani mwake. Mpaka ameshika, jambo si dogo.

Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Maana yake kuna maneno humu, njoo uyasikie.

Nilisogea, nikarudi nyuma. Nilisogea tena. Kitufe cha kusikiliza ni kikubwa, kimekaa katikati, kinakualika. Mtu anayetaka kujua neno bila kuisikia sauti, huyo hakuwekewa kitufe.

Nikamwita jirani yangu Lazaro, fundi redio, aje aitazame.

"Hakuna namna maneno yake yakatokea yameandikwa?" nilimuuliza. "Niyasome tu, nisisikie sauti?"

Lazaro alicheka mpaka akashika mlango. "Simu ya kusomwa! Mama Asifiwe, hiyo si itakuwa barua? Mtu atoke kwenye simu aanze kusoma, ana wazimu?"

"Mimi ningeinunua."

"Utainunua peke yako. Ngoja, niisikilize mimi nikusimulie."

Nikaiziba mashine kwa kiganja. Lazaro ni fundi mzuri na jirani mwema, lakini ukimwambia jambo asubuhi, mchana unaulizwa habari zake huko Ipinda. Nikamshukuru, nikamtoa, nikafunga mlango wa mbele, nikakimbia sokoni kwa wifi yangu Doreen.

Doreen ni binti wa kwanza wa mzee. Anauza vitenge, na tangu nilipoolewa hajanipenda. Kwake mimi ni mtoto wa wauza vyungu wa Lyulilo niliyeokotwa na Oscar pwani ya ziwa. Lakini ni damu ya mzee, na binti anaruhusiwa kumsikia baba yake. Nilimweleza, akaliacha duka lake kwa jirani, tukaja mbiombio.

"Kitufe kipi?"

"Hicho kikubwa. Ngoja kwanza nitoke!"

Nilikimbilia uani nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na mkeka wa kakao, nikaziba masikio na kuimba pambio kwa sauti ya juu ili hata neno moja lisinifikie. Kuku wote walikimbia. Niliimba mpaka pambio likaisha, nikalirudia.

Doreen alipotoka, uso wake haukuwa ule aliokuja nao.

"Umemsemesha baba," alisema.

"Si mimi, wifi. Ni mashine."

"Mashine ina sauti ya nani?"

"Yangu."

"Basi umemsemesha. Tena umemwamuru! 'Sema shida yako sasa.' Baba yangu anaambiwa aseme shida yake kama yuko mbele ya karani wa boma!"

"Mwe bandu, jamani! Nilirekodi kwa ajili ya wateja. Ningejuaje? Amesema nini?"

Doreen akatazama pembeni. "Amesema urudi kwenu Lyulilo. Leo. Ukae na mama yako na vyungu vyake mpaka wazee wakutane."

Nikaingia ndani nikiwa nimeshika ukuta. Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Doreen alikuwa ameyafuta maneno ya baba yake. Kitufe cha kufuta wamekiweka ubavuni mwa cha kusikiliza, kidole kikiteleza tu mtu amekwisha, nami sijui ni nani alikaa mezani akaona huo ndio mpango mzuri.

Nilianza kufunga nguo. Kanga, sweta la mwanangu Asifiwe, viatu vya kanisani. Nililia kwa uchungu, maana nyumba ile niliijenga na Oscar tofali kwa tofali, na sasa nafukuzwa kwa sababu ya kisanduku cha plastiki. Nikawaza mwanangu akitoka shule atamkuta nani.

Nikiwa nafunga fundo, maneno ya Wilson yakanijia. Akauliza, akanyamaza, akasubiri.

Mtu anayekufukuza hakuulizi swali akangoja.

Nikarudi dukani. Doreen alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kitenge kimefunika nusu ya uso.

"Wifi, baba hakunifukuza."

Akakivuta kitenge kikafunika uso wote.

"Aliniuliza kitu. Aliniuliza nini?"

"Nenda kwenu."

"Nitakwenda. Lakini yule ni mgonjwa, na kama kuna swali ameuliza, yuko huko anasubiri jibu. Doreen, baba yako anasubiri!"

Hapo ndipo alipovunjika. Alilia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na maneno yakamtoka vipandevipande.

"Wanataka kuukata mguu. Leo. Asipokubali leo, wanasema sumu itapanda, bora arudi nyumbani."

"Na yeye anasemaje?"

"Alidhani ni wewe uliyepokea. Alisema, 'Mkamwana, umeanza wewe kunisemesha, basi Mungu ana sababu.' Alimtuma Eliya akanunue chai ili asisikie. Akasema, akikatwa mguu hawezi kuishi Ndandalo. Kisima kiko mbali, na mama mwenyewe anaona kwa shida. Itabidi aje kukaa hapa kwa Oscar. Kwenye nyumba yako. Umpikie, umnyanyue, umwogeshe. Na anajua mkamwana na mkwe hawakai hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo amekuuliza kama utaweza. Ukisema ndiyo, ukatwe. Ukisema hapana, amesema hatakulaumu hata kidogo, atarudi akafie kwenye migomba yake. Atapiga tena mchana kusikia jibu lako."

Nilikaa chini sakafuni. "Doreen, kwa nini umefuta? Kwa nini umenidanganya?"

"Mimi ni mtoto wake wa kwanza!" alipiga kelele. "Nina nyumba! Nina vyumba vitatu! Kwa nini hakuniuliza mimi?"

Nilimhurumia na kumchukia, vyote kwa wakati mmoja. Ningekuwa yeye, labda nami ningefuta. Lakini mzee alikuwa anasubiri.

"Basi atakapopiga, pokea wewe. Mwambie nimekubali."

Doreen akasimama, akajifunga kitenge. "Mimi sitakuwa mdomo wako, Tupokigwe."

Akaondoka.

Nifanye nini? Lazaro yupo, angepokea simu kwa furaha. Lakini mzee amemficha hata mwanaye aliyemzaa aibu ya kuomba mahali pa kulala. Nikaigawe aibu hiyo kwa fundi redio? Kumpigia mimi siwezi, kwa sababu sijui alikuwa anapigia wapi. Mashine inayokumbuka kila neno la mtu haikumbuki mtu huyo alikuwa wapi. Na nikiinua simu nikajibu kwa mdomo wangu, nimekwisha.

Ndipo nikakumbuka aliyonifundisha mama mkwe nilipokuwa bibi harusi. Aliniambia, ukiwa na neno la mkwe wako na huna wa kumtuma, liambie chochote kilicho karibu. Sema, "Wewe mbuzi, waambie wenyeji chakula kiko tayari." Mkwe aliye nyuma ya ukuta atasikia, mbuzi atakuwa ametumwa, na heshima imebaki mahali pake. Nimewatuma mbuzi wengi katika ndoa hii. Nimeutuma hata mwiko.

Kama mbuzi anatumwa, mashine ina nini?

Nilimrudia Lazaro, nikamwambia nataka kubadilisha salamu za duka. Akanionyesha. "Shika hivi viwili kwa pamoja, usiachie mpaka umalize. Maneno ya zamani yatafutika yenyewe."

"Yataingia yote?"

"Mashine ya Kijapani hii, Mama Asifiwe. Itakushinda wewe kwa maneno?"

Nikamtoa nje. Nikafunika kichwa, nikapiga magoti mbele ya simu, nikashika vitufe viwili, nikaanza kwa Kinyakyusa.

"Wewe mashine, nakutuma kwa mkubwa aliyeko Mbeya. Mwambie mwagonile. Mwambie tunauliza ameamkaje, na waliolala wodi moja naye wameamkaje. Mwambie tunampa pole ya safari, na pole ya mguu..."

Kwetu huwezi kumrushia mkubwa jibu kama mfupa. Hiyo ni tabia ya wendawazimu. Unamsalimu kwanza, unamuulizia aliye naye, unampa za nyumbani, unampa za mifugo. Nikampa. Mama hajambo. Ng'ombe mwekundu amezaa. Kakao imekauka vizuri, mvua haikuigusa. Asifiwe ameshika nafasi nzuri shuleni. Ndaga fijo, asante sana, kwa ndizi alizotuletea.

Katikati ya ng'ombe, mashine ikalia tiii.

Nilidhani inaitikia. Ukimsimulia mtu, mtu mwenye adabu huitikia "ee", ujue anakufuata. Nikaona kumbe na hiki kisanduku kimeanza kujifunza. Nikaendelea kwa moyo mweupe, na mwisho, baada ya salamu zote, nikalitoa neno lenyewe.

"Na umwambie waukate. Nyumba ipo, kitanda kipo, na mimi nipo. Aje kwake."

Nikaachia vitufe, nikalia tena, safari hii kwa nafuu.

Simu ililia mchana. Nikaruka uani na masikio yangu na pambio langu. Nilipomaliza ubeti wa pili nikachungulia. Taa ilikuwa haiwaki. Hakuacha neno. Nikajua amesikia, ameridhika, sasa yuko anapelekwa chumba cha upasuaji.

Mwe bandu, nilifurahi! Nilitoa redio zote kwenye chumba cha mbele, kile chenye mlango wake wa nje, ili mzee aingie na kutoka bila kukutana nami. Nilifagia, nikafua pazia, nikapima kwa macho mahali pa kuweka kiti. Nilipanga nitakavyompitishia chakula dirishani nikiwa nimetazama pembeni. Kila kitu kilikuwa kinawezekana.

Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipolia tena. Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nikachelewa, mashine ikapokea, nami kwa mara ya kwanza nikajisikia nikitoka kwenye spika.

Mwagonile. Pole ya safari. Pole ya mguu. Mama hajambo. Ng'ombe mwekundu ame...

Tiii.

Nikangoja iendelee, haikuendelea. Ilikuwa imenikata pale kwenye ng'ombe, na yote niliyosema baada yake nilikuwa nauambia ukuta.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Eliya. "Shemeji, kama upo pokea!"

Nikarukia simu.

"Shemeji, ulimwambia nini baba? Nilimpigia, nikampa simu. Akasikiliza, akatabasamu, akanirudishia. Akasema, 'Mkamwana wangu ana adabu kweli. Amenisalimu mpaka ng'ombe. Hakutaka kunikatalia kwa mdomo, ndiyo maana akaishia hapo.' Akasema nimrudishe nyumbani."

"Eliya, sikumkatalia! Nimekatwa!"

"Umekatwa na nani?"

"Na mashine! Mko wapi?"

"Tukuyu. Nimepata pikapu ya rafiki yangu, baba yuko nyuma kwenye godoro. Madaktari wamegombana naye, hakusikia la mtu. Tutapita hapo kwako kwenda Ndandalo, nilitaka tu..."

"Mwambie mzee kwamba..."

Simu ikakatika. Nikapiga kelele ndani ya kile chombo kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, lakini upande wa pili hakukuwa na kitu.

Nikatoka. Sikufunga duka, sikunawa sabuni. Lazaro aliniita, sikugeuka. Nilikwenda kusimama katikati ya barabara inayoingia mjini, na nilisimama pale mpaka watu wakaanza kukusanyika kunitazama. Wengine walisema nimefiwa. Doreen alitoka sokoni akaja kusimama mbali kidogo.

Pikapu ilikuja na vumbi lake. Dereva akapiga honi, akapiga tena, kisha akakanyaga breki karibu anigonge.

"Mama, umechoka kuishi?"

Nyuma ya gari Eliya alisimama, na miguuni pake palikuwa na godoro, na juu ya godoro mtu amejifunika blanketi mpaka kichwani. Alikuwa ameshajua ni nani amesimama njiani. Alinipa heshima yangu hata katika hali ile. Mguu tu ndio uliobaki nje, umefungwa vitambaa, na harufu yake ilinifikia pale nilipo.

"Eliya," nikasikia sauti chini ya blanketi, na safari hii sikuziba masikio. "Muulize huyo aliyesimama njiani, anataka nini."

Eliya akanigeukia, uso umemwiva kwa uchovu. "Shemeji, baba anauliza unataka nini. Sema upesi. Daktari amesema mguu huu hauna siku mbili, na dereva anasema Mbeya harudi."

"Sirudi," dereva alisema. "Nimetoka huko sasa hivi."

Mbele yangu sikuwa na mbuzi, wala mwiko, wala kitufe. Adabu niliyofunzwa tangu utotoni iliniambia nianze na habari za safari, na habari za Mbeya, na pole.

Sikuanza na salamu. Nililitoa neno lenyewe kwanza, kwa sauti, mbele ya soko zima, na sikumtuma mtu wala kitu. Nilimwambia yeye mwenyewe akubali mguu ukatwe, kisha aje kwake.

Doreen alipiga yowe. Dereva akazima injini. Na kule nyuma ya gari blanketi likaanza kutikisika, kisha likaanza kufunuliwa polepole kutoka ndani, na mimi nilikuwa sijafunika kichwa wala sijaondoa macho.